Kichwa cha Zipu

Kila aniletaye begi husema meno yamekufa.
Hayajafa. Lete hapa.
Meno ya zipu hayafi ovyo, kinachochoka ni kichwa:
kimepanda, kimeshuka, mpaka taya zimelegea,
sasa kinapita juu ya meno kama karani wa kaunti
apitavyo kando ya foleni, hamtazami mtu usoni,
na nyuma yake mdomo unabaki wazi.

Meza yangu iko Mwembe Tayari, ukishawapita wauza ndala.
Cherehani moja, koleo mbili, mswaki uliostaafu,
kipande cha mshumaa, chupa ya siki,
na kopo la vichwa nilivyong'oa kwenye suruali zilizokwisha kazi.
Siki ni ya chumvi.
Mji huu chumvi haingoji mezani,
inakufuata yenyewe hadi ndani ya mfuko.
Wapiga mbizi wa Nyali huja na mabegi ya mapezi,
vijana wa zile tiara kubwa zinazowavuta majini
huja na zipu ndefu kuniliko, imeota ukungu wa kijani.
Nawaambia, suuzeni kwa maji matamu.
Wananijibu: mama, maji matamu hata ya chai hatuna.

Mzee Jethwa na begi lake la kriketi, kila Januari.
Nimelitia vichwa vinne, zipu mpya hataki.
"Hii," husema, "imeshanizoea."

Kazi yenyewe ndogo.
Sugua, futa, fumua ncha, chomoa kichwa,
kibane kwa koleo upande huu, kisha huu,
kidogo, kama umfinyavyo mtoto mbele ya wageni:
ahisi, asilie.
Ukizidisha hakipandi.
Ukipunguza kitakudanganya mara tatu, mara nne,
ya tano uko barabarani, viatu vinadondoka.

Alhamisi akaja msichana, Umazi binti Menza,
sare ya shule, begi la golikipa wa hoki mgongoni
limefungwa kwa kamba ya katani kama mbuzi wa mnada.
Mechi Jumamosi, alisema. Ana shilingi thelathini.
Nikakata kamba. Begi likafunguka lote mapajani mwangu
nikaona ngao zake za miguu:
sponji ya godoro, imekatwa kwa kisu cha jikoni,
maua ya godoro bado yapo.
Sikusema kitu. Nilishika koleo.

"Na lile?" akauliza, kidole chini ya meza.
Lile la samawati, limepauka, nimelifunga kwa kipande cha leso.
Jirani zangu wameshalizoea, hucheka,
mganga hajigangi, Bi Mwanasha,
mabegi ya watu yafumba, lako lapiga miayo!
Nami hucheka nao, miaka kumi na minane.

Zipu ya lile begi ni nzima.
Haijawahi kung'oka jino.
Niliifunga kwa leso siku goti liliponigeuka Tononoka,
ili mtu akiniuliza mbona hulifungui
niwe na la kumjibu.

Nikamaliza la Umazi. Nikapaka mshumaa,
nikavuta mbele, nyuma, mbele.
Nikapokea thelathini zake, maana fundi hasusii hela.
Kisha nikainama, nikafumua fundo,
likagoma, nikalikata kwa mkasi.
Nikashika kichwa cha zipu kwa vidole viwili
kikateremka urefu wote, neno moja tu,
hakikusita pahali.

Ngao ni kubwa kwake. Zinampiga magotini.
Ameondoka akitembea kama bata, ameringa, hakutazama nyuma,
na sponji ya maua ameniachia hapa:
naikalia, kiti changu kilikuwa kigumu.

Begi la samawati linatia vichwa vya zipu sasa.
Lile kopo lilishaota kutu.