Sanduku la Nne

Saa mbili asubuhi, na Tartu bado usiku.
Nakung'uta theluji viatuni, navaa koti jeupe,
nashuka ngazi kwenda kwa panya wangu.
Wangu, nasema, ingawa ni mali ya chuo,
kila mmoja na namba yake mkiani kwa wino wa buluu.

Kazi yangu ni kudunga na kuhesabu.
Daktari Villu huniachia mabomba mawili ya sindano,
moja na alama ya mraba, moja ya duara.
"Usiniulize, Leelo. Macho yanayojua huona yanachotaka."
Basi nadunga nisichokijua,
nangoja nusu saa,
kisha nadunga ninachokijua: amfetamini,
kiasi cha umande.
Nafunga kifuniko.

Humo ndani miali isiyoonekana imetandwa kama nyuzi za mfumaji.
Panya akikata uzi, mashine huandika moja.
Panya wa mraba akata, akata, akata:
mia nne, mia tisa, elfu na ushei,
kona hadi kona, pua juu, pua chini,
kisha asimama pale pale akitafuna hewa,
kichwa kikipanda na kushuka
kama cherehani isiyo na kitambaa.
Panya wa duara ajipangusa masharubu,
ajikunja. Hamsini na mbili.

Villu alinichorea kwenye karatasi iliyofungia mkate wangu:
huu ukuta wa seli, hivi vipokezi,
vitundu vya kufuli. Dopamini ndiyo ufunguo.
Amfetamini haifungui kitu; inamwaga funguo,
debe zima, mpaka milango yote inafunguka kwa pamoja.
Na dawa ya duara?
"Ufunguo usiozunguka. Huingia, ukakaa, ukaziba tundu."
Nikauliza: na mwenye nyumba yuko wapi?
Akacheka. Hayumo kwenye mchoro.

Siku zikaongezeka. Dawa ile ile, kiasi kile kile,
na mbio zikazidi.
Nilidhani mwili huzoea.
Huu ulikuwa unajifunza.

Siku ya kumi na tano tukawapa wote maji ya chumvi.
Maji ya chumvi tu. Si mraba, si duara.
Namba kumi na saba, wa sanduku la nne,
nilimshusha juu ya vyuma vya sakafu,
akanusa ile plastiki, ile spiriti ya kusafishia,
akaanza kukimbia.
Mia mbili. Mia tatu na kumi.
Na damuni mwake hamna kitu.
Villu akasema, kama anayesoma: sanduku limekuwa dawa.

Nikaomba kutoka nje.

Ahto wangu ana miaka mitatu hajagusa.
Anaoka mikate kule Annelinn, anaamka saa tisa usiku,
anarudi na unga kwenye nyusi.
Lakini tukienda kituo cha basi hutuzungusha
kandokando ya mto Emajõgi, baridi ikitukata masikio,
ili tusipite nyuma ya kibanda cha magazeti.
Nilikuwa nikimwambia: ni ukuta tu, mwanangu,
ukuta wa rangi ya kijani. Jikaze.
Nilisema hivyo. Mimi, mama yake, mwenye kuhesabu.

Niliporudi chini Villu alikuwa na habari ya dawa nyingine,
ya kipokezi kingine, cha serotonini.
Hiyo haizibi mlango; humwamsha bawabu
aushike taratibu.
Tutaijaribu Machi. Huenda mbio zikapungua.
Huenda panya akasinzia tu,
nasi tukauita usingizi nafuu.
"Tutatofautishaje?" nikauliza.
Akaliandika swali langu pembezoni mwa daftari,
akalipigia mstari, akafunika kalamu.

Jioni nilimrudisha kumi na saba kwenye maranda yake.
Alitulia kiganjani,
moyo ukidunda upesi kuliko ninavyoweza kuhesabu.
Sikuhesabu.

Ahto alikuwa akiningoja langoni,
mkate mweusi kwapani, bado una joto.
"Tupite wapi?"
Nikasema, kando ya mto.
Akanitazama.
Nikamshika mkono, tukaanza kuzunguka.