Hilali Mbili

Ishirini na tisa Shaabani, alasiri ya mawingu.
Bwanaheri wa Liwatoni kaniletea kolekole
ndani ya mfuko wa sukari, barafu imeshakuwa maji.
"Mteja kamrudisha. Asema kaona kitu chatembea."
Ataka nimwambie ni uchafu tu.

Namlaza samaki kwenye sinia la bati.
Chatembea kweli:
punje ya ufuta yenye haraka,
yateleza juu ya ngozi kama iliyoitwa jina.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bwanaheri acheka.
Kolekole hana nguo.
Ana ute, basi, na ndio huo uliwao.

Kadzo, mwanagenzi wangu, ainamia darubini.
Usinitajie jina, namwambia. Nitajie uonacho.
Jina huja mwisho, kama bili.

"Ngao. Ya mviringo, angavu, kama ukucha wa mtoto."
Ndiyo. Kichwa na kifua vimeungana humo,
na ukingoni pana utando mwembamba
uambatao kama bakuli lililofudikizwa
juu ya meza yenye maji.
"Nyuma ya ngao, pingili moja nyembamba, na mguu wake.
Kisha mwili umefura.
Kisha nyuzi mbili, ndefu kumpita mwenyewe."
Basi ni jike. Hizo nyuzi ni mayai,
moja nyuma ya jingine,
kama shilingi zilizofungwa karatasi benki.

Mgeuze. Polepole, kwa ncha ya sindano.
"Kulabu. Kulabu tena. Kinywa ni mrija."
Na ndani ya mrija, misumeno miwili.
"Na hapa kifuani, uma wa meno mawili."
Uma huo hali nao. Usiniulize zaidi,
hata vitabu vinaupita haraka.

Angekuwa na miguu saba kila upande,
pingili kama za jongoo aliyekanyagwa,
tungemtafuta kinywani mwa samaki,
pale ulimi ulipokuwa.
Huyu siye. Huyu ni wa nje, mpanda ngozi.

Mimi chawa wa kwanza nilimjua kwa sauti.
Kizingitini, Kuze, mama kanibana kati ya magoti:
"Ndoo. Weka kitwa papa hapa. Tulia."
Kidole kimoja hakivunji chawa, akanifunza,
kisha *tak*, baina ya kucha mbili za hina.
Hakuuliza jinsi wala jamii.
Mwenye miguu ni chawa wa leo,
asiye nayo, aliyegandia unyweleni, ni wa kesho.
Elimu yake yote ilikuwa hiyo, na ilitosha
nyumba ya watoto saba.

Simu yalia. Rukiya, juu ya dari, ashindana na kelele za majirani:
"Huko kwenu umeandama?"
Huku kwetu dirisha latazama ukuta.

Kadzo, wa Kaloleni, asiyefunga,
hakuinua hata kichwa.
"Umeandama," asema. "Miwili."

Nikainama nikaona.
Kwenye paji la yule mdudu, kushoto na kulia,
hilali mbili ndogo zimeng'aa, vikombe vya kunyonyea,
wazi, bila wingu, bila shahidi wa pili.
Ndizo alama. Jamaa yake wa karibu,
wa ngao ile ile, wa nyuzi zile zile,
uso wake mtupu.
Sasa waweza kulitaja jina.
Akalitaja, kwa aibu kidogo, kama bibi harusi.

Bwanaheri angali mlangoni.
"Ni uchafu?"
Ni chawa. Akikaangwa samaki, hana neno.
"Nimwambie mteja *chawa*?"
Nikanyamaza. Hilo si la darubini.

Namtumbukiza kwenye spiriti.
Nyuzi zacheza kidogo, zatulia.
Kwenye kibandiko naandika: kolekole mmoja, ubavu wa kulia,
jike mmoja, mwenye mayai.
Tarehe ya kizungu naijaza.
Ya kwetu naiacha wazi.