Kabla Hujafungua Kichupa

Ngoja, Cherukut, usivute kizibo kwa meno.
Keti kwanza hapo juu ya gunia la kahawa,
unitazame shavu la kushoto.
Alama hii, pana kama jani la mkahawa,
sokoni Kapchorwa wanadhani nilizaliwa nayo.

Nilizaliwa safi.

Ni mbangi-mwitu huu huu tunaong'oa kwenye viazi,
unaonuka hata mbuzi akageuza shingo.
Mwaka wa pipa letu la kwanza
tulishindilia magunia sita ya majani na maua,
bomba la shaba likapita ndani ya maji baridi,
tukakesha tukichochea kuni za mkalitusi,
na alfajiri, unajua tulikinga nini?
Vijiko viwili. Mafuta ya rangi ya asali changa.
Nikasema, kilichotoka mlimani kwetu,
bila kiwanda, bila dawa ya mzungu,
kitanidhuru vipi?
Nikajipaka hivi hivi, kama Vaselini.
Nikashika jembe.

Saa saba jua lilisimama wima juu ya shayiri.
Shavu lilianza kwa kunong'ona.
Jioni lilikuwa linapiga mayowe,
malengelenge yamejipanga mpaka sikioni.

Sista Yeko, kule zahanati ya Kaserem, hakunicheka.
Aliuliza tu, "Ulipima?"
Nikamjibu mmea ni wa Mungu.
"Hata upupu ni wa Mungu," akasema,
akaendelea kunifunga bandeji.

Tangu siku ile nahesabu matone
kama mtu anayehesabu deni.
Tone moja la haya kwa chupa nzima ya mafuta ya alizeti,
ile chupa kubwa ya soda, si hii ya dawa ya kikohozi.
Usoni, hapana. Hata ukiniongeza bei.
Kisigino kilichopasuka, sawa,
tena usiku, ukishafunga mlango,
na kesho yake soksi,
maana mafuta haya na jua wana siri yao
na ngozi ndiyo inayolipa.
Kabla ya kisigino, jaribu ndani ya kiwiko:
paka kidogo, funika, kalale,
ukiamka uulize mkono.
Ukiwasha, osha kwa sabuni
na usianze kunitafutia sababu.
Mtoto asiguse. Jicho lisikaribie.
Mwenye mimba...

Mbona umeinama?

Nimeliona gauni tangu ulipokuwa getini,
lilivyokaza kiunoni. Nilitaka useme mwenyewe.

Lete kichupa. Lete tu.
Shika hiki kikopo, ni shea ya kutoka Lira,
haina harufu ya kuringia,
jirani hatauliza umepaka nini,
lakini nimempaka mjukuu wangu wa wiki tatu
na akaendelea kulala.

Na pesa yako hii, elfu tano, chukua.
Ila mama yako mwambie,
debe langu la viazi sijalisahau.