Miti Kumi na Saba

Ramani inasema: toka Kijito cha Kengele
hadi Kilango cha Chumvi, kilomita kumi na moja.
Mistari ya mwinuko imebanana
kama kipaji cha mtu anayekazia jua macho.
Haisemi kwamba njia hupotelea kwenye changarawe,
kwamba daraja lilichukuliwa na maji ya theluji mwezi Mei,
kwamba ukishika kushoto penye mwamba mwekundu
utalala njaa, na nyumbu wako atakununia.

Huku kwenye nyika ya Nevada injini ni marufuku,
hata toroli.
Basi ni msumeno wa watu wawili:
Maite upande ule, mimi upande huu.
Vuta, usisukume. Ukisukuma, bamba linapinda.
Vuta, kisha mwachie mwenzio.

Saa nne tukakuta mti wa aspeni umelala njiani,
gome jeupe, unene wa pipa.
Maite akainama kufungua kamba ya msumeno.
Hakuinuka.

Herufi nyeusi, zimevimba, zimetanuka
miaka yote mti uliponenepa
na aliyezichonga akakonda:
GRAZIAN IRIBARNE, 1931.
Chini yake kondoo, miguu mitatu tu,
labda mvua ilimkatiza.

"Huyu alimzaa bibi yangu," akasema.
"Alikuja na lugha isiyo na ndugu duniani,
na kondoo elfu mbili wa mtu mwingine.
Miezi minne hana wa kumjibu.
Akawa anasema na miti."

Na miti ikasema na waliofuata:
hapa pana maji. Hapa usilale, pana dubu.
Hapa Grazian alimkumbuka fulani.
Hiyo ndiyo ilikuwa ramani yao,
na kila kipupwe inaanguka ukurasa mmoja mmoja.

Jina lilikuwa katikati ya njia, barabara.
Akalipima kwa shubiri, mara mbili.
Tukakata huku, tukakata kule,
vumbi la mti likamganda kwenye kope,
sikuuliza kama ni vumbi tu.

Sheria ile ile inayokataza injini
inakataza kuchukua chochote.
Tukalibingirisha gogo kando kwa miti ya kupenyeza,
akaligeuza, likageuka tena lenyewe,
akaliacha hivyo, limetazama malisho.

Kulikuwa na miti kumi na saba zaidi kabla ya Kilango,
na wingu limeshaanza kukalia mgongo wa mlima.
"Vuta," akasema Maite.
Nikavuta.