Kipya Kinyemi

Ijumaa ya mshahara nashuka na tramu.
Mvua ya Sheffield hainyeshi, inatambaa shingoni tu,
na kwapani nimebana boksi
kama aliyeiba kuku.

Shebe yuko mlangoni. Hasemi karibu.
Anasema, "Hiyo ya nini tena?"

Ya kumenyea.
"Na ile ya mwezi jana?"
Ile ya kupaia samaki.
"Na ile yenye meno?"
Ile inabinya vitunguu saumu, mume wangu, usichanganye mambo.

Wasiojua watasema ni ufujaji.
Wasiojua hawajapasua gundi ya boksi kwa ukucha,
hawajainusa ile harufu
ya kitu ambacho hakijapikia hata yai.
Natoa kikaratasi cha maelezo: lugha kumi na nne,
Kiswahili hakimo.
Si neno. Nazi nayo haisomi.

Mashine ya kukunia niliipata Machi.
Nikaifunga ukingoni mwa meza, nikazungusha mpini,
machicha yakamwagika laini, meupe,
hata theluji ya dirishani ikaona haya.
Mama kwenye simu, kutoka Pangani:
"Na mbuzi wako je, umemchinja?"
Mbuzi niliyesafiri naye sandukuni,
ambaye uwanja wa ndege walimgeuza-geuza kwa glavu
wakiuliza ulimi wake wa chuma unamuuma nani.
Yu mzima, mama. Amestaafu.
Paka ndiye anayemkalia.

Kisha mzani, mwembamba kama daftari.
Usiku ule sikulala.
Nilipima iliki moja.
Nilipima pete yangu ya ndoa (Shebe akageukia ukutani).
Nilipima barua ya kodi kutoka baraza la mji:
gramu kumi na moja,
kwa deni zito namna ile!

Jumapili Bi Maureen Ibbotson wa mlango wa pili
akaja na kitu ndani ya kitambaa cha kufutia vyombo.
Miaka thelathini na mmoja aling'arisha vijiko kiwandani,
karatasi ya kaki kiunoni, vumbi la chuma puani,
na hata leo akishika kijiko chako
hukigeuza mgongo kwanza.

Kisu. Mpini wa pembe,
bapa limeliwa na kunolewa hadi limekuwa jembamba kama mwezi mchanga,
na ubavuni jina la mji.
Jina hilo nililijua kabla ya kujua ramani:
lilikuwa mgongoni mwa kijiko cha bibi,
kile kilichotoka kabatini kwa ajili ya wageni
na kurudi kikiwa kimehesabiwa.
Nilidhani Sheffield ni jina la kijiko.

"Nipe peni moja," akasema Maureen.
"Kisu hakitolewi bure. Kitakata urafiki."
Na Shebe, ambaye hajawahi kununua hata chujio,
akawa wa kwanza kutia mkono mfukoni.

Nyanya ya kwanza haikujua kwamba imekatwa.
Ya pili vilevile.
Ya tatu ilikuwa kidole changu.

Mimi bombani, Maureen akitafuta plasta.
Akavuta droo. Ikagoma. Akaivuta kwa mikono miwili
na droo ikafunguka kwa kelele za harusi:
vibinyo, vichungio, miiko ya silikoni,
kitu cha kutolea kokwa ambacho hata mimi nimesahau ni kokwa za nini.
Akatazama kwa muda.
"Mpenzi wangu," akasema, "una kila kitu ila plasta."

Kipya kinyemi, kingawa kidonda.
Siku zote nilidhani ile ni methali.
Kumbe ndiyo karatasi yetu ya maelezo,
na mimi sikuisoma hadi mwisho.

Kachumbari ilikuwa tamu. Tulikula watatu,
kidole changu kikiwa kimefungwa leso, kimesimama kama mgeni rasmi.
Shebe akaosha kisu mwenyewe,
akakifuta pande zote mbili, akakiinua kwenye taa,
akakaa nacho.
Kisha, kwa sauti ya mtu asiyetaka chochote:
"Hivi mawe ya kunolea,
wanauza wapi?"