Safu ya Mengineyo

Tarehe ishirini na tano, mshahara ukishaingia,
tulifunga mlango wa jikoni.
Bujiku alichonga penseli kwa kisu cha samaki
nami nikafungua daftari la kaunta
lenye harufu ya vitunguu.

Nyumba ya Kiseke ilikuwa yetu kwa kulala tu.
Hati yenyewe ililala benki, kule mjini,
na ilipangiwa kulala miaka kumi na mitano.
Usiku mmoja, Holo akiwa na homa kifuani pangu,
nilipiga hesabu ya riba kwa kidole, gizani,
nikaona tunanunua nyumba mbili
na kuhamia moja.
Nikamwamsha mume wangu: amka,
tunaibiwa kwa maandishi, na sahihi ni zetu.

Hapo ndipo sato alipoondoka mezani. Hakuaga.
Katika mji ambao hata jogoo ananuka samaki
tukala dagaa Jumatatu, dagaa Jumatano,
Ijumaa dagaa wale wale, wamevalishwa nyanya.
Sembe ikawa dona.
Maharage yalilowekwa tangu jana ili mkaa usilie.
Bando la simu likawa la wiki,
na wiki ikawa na siku tisa.

Tumbo lilizoea. Michango ndiyo haikuzoeleka.
Kamati ya harusi ya Shigela ilituita ukumbini,
mwenyekiti akasoma majina, ahadi kwa ahadi,
akafika kwetu. Nikasema: elfu ishirini.
Pakawa kimya kama umeme umekatika.
Mama mkwe akatazama kucha zake.
Wakasema mwalimu Nkwimba ana mkono wa birika.
Sawa. Hata birika humimina,
ila huchagua kikombe.

Tuliandika barua: ziada hii ikate deni lenyewe,
isikate riba ya kesho.
Karani aliisoma mara mbili
kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.

Lakini daftari lilikuwa na safu ya mwisho, nyembamba,
Mengineyo,
na humo kila Jumamosi, kwa mwandiko wa Bujiku:
elfu mbili.
Bila maelezo.
Niliwaza mwanamke. Kisha nikawaza,
mwanamke gani wa elfu mbili?
Jumamosi moja nikamfuata kutoka Mwaloni,
koti lake la kazi limejaa magamba,
hadi nyuma ya kibanda cha chipsi, Kirumba.
Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa,
anakula paja la kuku,
peke yake, taratibu, amefumba macho.
Nikarudi kinyumenyume.
Mwezi uliofuata, kwenye Mengineyo,
niliandika mwenyewe: elfu mbili na mia tano.
Ya kachumbari.
Aliitazama ile mia tano kwa muda mrefu,
akaichonga penseli ambayo tayari imechongoka.

(Nami niseme sasa: zile chaki za kila mwezi
hazikuwa chaki.)

Mwaka wa tisa, Machi, hati ikatoka.
Bujiku aliibeba ndani ya shati, kwenye bahasha ya kaki,
mvua ikimpiga toka mjini mpaka mlangoni,
akafika yeye amelowa, yenyewe kavu.
Nilidhani nitapiga vigelegele.
Tulikaa tu, tukaitazama mezani kama mgeni
asiyesema amekuja kwa siku ngapi.
Holo, ambaye hakuijua meza nyingine, akauliza:
Leo siyo dagaa?
Leo siyo dagaa, nikamwambia,
nikasimama, nikagundua sijui nipike nini.

Usiku nikauona ufa wa chumbani,
ule unaoanzia dirishani kushuka hadi kitandani.
Miaka tisa tuliusubirisha
kwa sababu haukuwa na safu.
Nikauwekea kidole.
Na huu pia, sasa, ni wetu.

Tarehe ishirini na tano ikafika.
Hakuna aliyemwambia Bujiku achonge penseli.
Nikafungua ukurasa mpya, nikachora mistari,
nikaandika: saruji, mfuko mmoja.
Akanichukulia penseli mkononi,
akashuka hadi safu ya mwisho,
akaandika, bila kunitazama:
mapaja mawili.