Swali la Kumi na Saba

Saa tano usiku, Saint Paul, duka la kufulia.
Mashine namba nne inazungusha mashuka ya hoteli.
Mai Nhia amelaza kitabu cha mtihani juu ya kikapu.

"Kila gari la kusukuma theluji likipita, theluji hukoma.
Kwa hiyo gari ndilo linaloikomesha."
Kosa liko wapi?

Anacheka. Dereva hutumwa theluji ikishapungua!
"Baada ya" si "kwa sababu ya". Jibu ni D.
Sekunde arobaini.

Linalofuata: mhandisi ametalikiwa mara mbili,
basi daraja lake litaanguka.
Wamemtukana mjenzi, zege hawakuligusa. B.

Kisha simu inawaka, ujumbe wa sauti, baba:
"Ulipoanza vitabu hivyo ndipo mama yako alipougua.
Tafakari."

Kosa hili analijua.
Analijua kwa ukurasa, kwa mtego wake,
angeweza kumjibu mzee kwa herufi moja.

Anaurudia ujumbe. Mara ya tatu
anasikia, nyuma ya "tafakari", kijiko kikigonga bakuli,
mtu akibembelezwa anywe mchuzi.

Mashine imesimama.
Anakunja shuka la watu wawili peke yake,
ncha moja kaibana kwa kidevu,
na swali la kumi na tisa linangoja.